Pua ya Mjomba

Jumapili, tarehe 9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Imekuwa bia! Nakuandikia nimesimama, maana kukaa nimeshindwa. Nimefungua chupa ya kwanza leo saa nane mchana, jikoni kwangu, na shahidi ni Plasta, yule mwenzangu wa karakana ambaye kutwa nzima anamimina plasta kwenye vipimo vya vinywa vya watu. Kizibo kilipotoa "tsss" aliruka nyuma utadhani nimefungua nyoka. Nikamimina. Povu likapanda, likafika mdomoni mwa glasi, likakaa. Mjomba, likakaa! Nilihesabu mpaka hamsini na bado lilikuwa linanitazama.

Wewe unaijua kazi yangu. Mwaka wa kumi na moja huu natengeneza meno bandia, na adui yangu mkubwa ni mapovu. Povu moja likibaki kwenye plasta, mgonjwa anarudi na kidonda kwenye ufizi na maneno ya kunitukania. Tuna meza nzima inayotikisika kwa umeme, kazi yake kuyafukuza tu. Halafu mimi huyo huyo, siku kumi zilizopita nimekuwa nikipiga magoti mbele ya kabati la jikoni nikiyabembeleza yaje.

Rangi ni ya chai ya rangi. Inanukia mkate uliotoka kwenye oveni sasa hivi, na ndizi mbivu kwa mbali, halafu uchungu wa yale maua ya hopsi unakuja mwishoni, polepole. Plasta alikunywa, akanywa tena. Akasema, "Dada, mimi nilikuja kukupa pole. Sasa nifanyeje?" Mtu huyu husifu mara moja kwa mwaka, na mwaka jana aliuruka.

Najua utagomba. Kwenye chumba chenu cha kuonja pale kiwandani ilikuwa mwiko kufungua mdomo. Kila mwonjaji na kibanda chake, kadi yake na penseli yake, kwa sababu mmoja akitamka "ndizi" wote watasikia ndizi. Nami nimekutamkia kila kitu. Nisamehe, furaha imenizidi. Andika hukumu yako kwenye karatasi kama ulivyoagiza, maana ulisema bia haihukumiwi kwa simu. Chupa yako nimeizungushia taulo mbili, na karani wa vifurushi kule stendi nimemwapisha.

Sasa kuna hili la kupika nini baada ya hapa. Nina tatu kichwani. Ya kwanza nyeusi, ya kimea kilichokaangwa mpaka kikawa kama kahawa. Ya pili ya asali. Ya tatu ya ngano, nyepesi, ya kunywa mchana wa jua. Nikilala nataka nyeusi, nikiamka nataka asali. Chagua wewe. Wewe ndiye Pua.

Na chumba cha nyuma kiko tayari. Nimekipaka rangi, dirisha sasa linafunguka. Uliniambia huwezi kuja kukaa kwangu kama kiti. Ukija, uje una kazi ya kufanya. Nikakuambia nitajifunza kupika bia na wewe utakuwa mwonjaji wangu. Ulicheka, ukadhani natania. Haya, bia hiyo. Ukisema inafaa, funga virago. Ukisema haifai, nitapika nyingine, na nyingine, mpaka useme. Kukuacha peke yako kwenye vyumba vinne na redio moja sikubali, na unajua nimerithi kichwa kigumu cha dada yako.

Mpwa wako,
Fundi Meno


Jumatatu, tarehe 17 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Kifurushi kimefika salama. Karani wa upande huu alinikabidhi kwa mikono miwili, nikajua kiapo chako kilisafiri.

Nimeifungua saa tano asubuhi, ambayo ndiyo saa ya kuonja, tumbo likiwa halijashiba wala halina njaa. Kwa mpangilio wa kadi ni hivi. Povu: jeupe, linakaa. Rangi: safi. Harufu: mkate uliotoka kwenye oveni, na ndizi mbivu kwa mbali. Uchungu wa hopsi unakuja mwishoni, polepole. Hukumu: bia bora kabisa.

Nimeonja kwa miaka thelathini na mmoja. Wapishi wakuu wenye vyeti vya ukutani walikuwa wakiniona nachukua penseli wanatoka nje kuvuta sigara. Nakuambia bila kukupendelea: sijawahi kukutana na bia ya kwanza ya namna hii. Dada yangu angekuwepo angesema umeanza mambo ya walevi, kisha angekunywa nusu.

Kuhusu ya kupika baadaye, chagua mwenyewe. Mwonjaji hampangii mpishi. Zote tatu ni nzuri.

Na kuhusu safari, tusiwe na pupa. Bomba la bafuni linavuja na fundi ananizungusha. Tena jirani yangu fundi viatu amekuwa akinichunga kama mtoto. Juzi aliingia mbio kunigombeza kwa maziwa yaliyoungua mpaka sufuria ikawa nyeusi. Mara ya pili mwezi huu. Nilikuwa nasoma gazeti, si unajua wazee na magazeti.

Mjomba wako,
Pua


Alhamisi, tarehe 20 Februari

Mjomba, shikamoo.

"Bia bora kabisa"! Nimeisoma barua yako karakanani kwa sauti, Plasta akaomba aisome na yeye, akaisoma kwa sauti kubwa zaidi. Mgonjwa aliyekuwa anasubiri meno yake alipiga makofi bila kujua ni ya nini, na bila meno.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naapa sitatia hata tone. Bado nataka uchague wewe. "Zote tatu ni nzuri" ni jibu la mtu anayeogopa wake zake. Jumapili nitafungua chupa nyingine, nitaweka barua yako mezani, na nitaonja nikifuata neno kwa neno. Nataka nijifunze kusikia unachosikia wewe.

Bomba la bafuni si sababu. Kwangu bafu halivuji.

Mpwa wako,
Fundi Meno (mpishi wa bia bora kabisa)


Jumapili, tarehe 23 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo shikamoo nimeitoa kwa sababu nililelewa vizuri, si kwa sababu nimependa.

Nimefungua chupa. Kabla sijamimina, jiko zima likanuka kama zahanati iliyopigwa deki. Plasta alikuwa mlangoni anavua viatu, akauliza nani ameumia. Nikafungua nyingine, vile vile. Nikafungua mbili zaidi. Ni dawa tupu, Mjomba! Bia ya kutibu vidonda.

Nimekaa chini nikatafuta kosa, na kosa ni langu. Siku ya kujaza, chupa tatu za kwanza niliziosha kwa maji yaliyochemka. Nikachoka kusubiri birika. Zilizobaki nikazifanya kama tunavyofanya vipimo vya vinywa pale karakanani: nikazitumbukiza kwenye maji ya klorini, nikazikung'uta, nikajaza bila kuzisuuza. Ile niliyofungua na Plasta ilikuwa katika zile tatu safi. Yako haikuwa. Naikumbuka, ilikuwa na mkwaruzo shingoni, na niliitoa kwenye ndoo ya klorini kwa mkono wangu huu.

Sasa niambie. Mkate ulisikia wapi? Ndizi ulisikia wapi? Nimeisoma upya barua yako na maneno yale ni yangu, Mjomba. Hata mpangilio ni wangu. Umeyachukua kwenye barua yangu ukanirudishia. Ama chupa hukufungua, ama ulifungua ukasikia dawa ukaamua kunituliza, kama mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano. Mimi ni mtu mzima. Nilikuomba hukumu, sikuomba pipi.

Nakutumia chupa tatu. Ni jaribio lenu la kiwandani, ulinifundisha mwenyewe: mbili ni sawa, moja ni tofauti. Nimezipa namba. Zile mbili zilizo sawa ni chupa zangu nzuri za mwisho, sina nyingine. Niandikie namba ya ile iliyo tofauti. Namba tu, maelezo sitaki.

Fundi Meno


Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mpwa wangu,

Ni namba mbili. Nimeijua mara moja.

Umeniandikia kwa ukali ambao sikuuzoea kutoka kwako, lakini nimekusamehe, mpishi yeyote bia ikimharibikia huwa na ukichaa wa siku mbili. Huenda chupa yangu ilipona. Chupa hazifanani.

Kile chumba cha nyuma usikiweke tupu kwa ajili yangu. Mpangishe mtu. Nimefikiri, nimeona mimi nyumba yangu nimeizoea, na mzee akihamishwa hahamishiki. Nitakutembelea siku za mapumziko.

Mjomba wako,
Pua


Jumatano, tarehe 5 Machi

Mjomba, shikamoo.

Ilikuwa namba tatu.

Hasira zimeniisha. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, na kazi ya meno ya watu wawili imelala mezani. Chupa hiyo ni ya klorini, na zilizobaki hapa zinanuka mpaka ngazini. Hakuna mtu anayeweza kuikosea, hata mwenye mafua, sembuse wewe.

Nikakumbuka maziwa. Mara mbili kwa mwezi mmoja. Nikakumbuka Agosti ulipokuja kuniona karakanani. Kila anayeingia pale mara ya kwanza hushika pua kwa harufu ya ile plastiki ya ufizi. Wengine huomba kutoka nje. Wewe ulikaa saa nzima karibu na sufuria yake, ukanywa chai, ukasema mnafanya kazi mahali pazuri. Nilidhani ni adabu.

Mjomba wangu, tangu lini?

Mpwa wako


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana. Mficha uchi hazai, basi ngoja niseme.

Tangu Juni ya mwaka jana. Nilipata mafua ya kawaida, siku tano, nikapona. Siku ya sita nikaenda kazini, nikaingia kibandani, nikachukua glasi ya kwanza, nikaona bia haina harufu. Nikaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa: HAINA HARUFU. Kiwanda kikasimamisha tangi zima. Wakaita watu wa maabara. Waonjaji wengine sita waliandika kwamba bia iko sawa, lakini kwa kuwa mimi ndiye Pua, hawakuaminiwa wao mpaka mashine zilipothibitisha. Nilipofika nyumbani nikanusa sabuni. Nikanusa vitunguu. Nikanusa viatu vyangu, ambavyo marehemu mke wangu alikuwa akivifukuza nje. Hakuna kitu. Hapo nikajua.

Nilijificha wiki tatu. Ile sheria ya kunyamaza ndiyo iliyonisitiri. Nilikaa kibandani nikaandika kwa kumbukumbu: bia ya Jumatatu huwa hivi, bia ya tangi la nne huwa vile. Halafu siku moja wakapitisha glasi iliyoharibiwa makusudi, kama wanavyofanya mara kwa mara kutupima. Niliipitisha. Nikaisifu. Nilipoona kadi za wenzangu juu ya meza, wote wameikataa, nilichukua yangu nikaitia mfukoni, nikapanda ngazi kuomba kustaafu. Wote mlidhani umri umefika. Ulikuwa bado miaka miwili.

Walinifanyia sherehe. Mkuu alihutubia dakika ishirini juu ya pua yangu. Nilisimama nikashukuru kwa niaba ya marehemu pua.

Daktari amesema inaweza kurudi na inaweza isirudi. Ulimi ni mzima. Utamu naujua, chumvi, uchungu, ugwadu, vyote viko. Lakini ladha nyingi, mpwa wangu, ni pua inayofanya kazi na ulimi unaopokea sifa. Sasa chakula kwangu ni moto au baridi, kigumu au laini, basi. Juzi mke wa fundi viatu aliniletea chai ya tangawizi, ikanichoma koo, nikafurahi hadi nikamwomba kikombe cha pili. Ndiyo kitu pekee mwaka huu nilichojua kwamba nimekunywa.

Nilikudanganya, na chupa yako niliifungua. Nilisikia uchungu unakatika mapema na bia yenyewe ni nyembamba, haina mwili, inapita kama maji ya kusukutulia. Hilo ulimi uliniambia. Lakini sikuthubutu kukuandikia nusu ya hukumu, maana ungeuliza nusu ya pili iko wapi. Nikaazima maneno yako. Niliona aibu, na aibu ile bado ninayo.

Basi umeelewa sababu. Uliniahidi kazi, na kazi yenyewe siiwezi tena. Sitaki kuja kukaa dirishani kwako nikilishwa na kuamkiwa. Usinihurumie, tafadhali. Huruma ni kitu ambacho nimekiogopa kuliko hili lenyewe.

Mjomba wako


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mjomba, shikamoo, shikamoo tena, na kaa chini usome!

Nimelia dakika kumi. Nimekukasirikia dakika tano, kwa kubeba hili peke yako miezi yote hiyo. Kisha nikafika mahali uliposema bia yangu ni nyembamba, nikasimama hapo hapo. Nyembamba? Mimi na Plasta tuliinywa tukaona ni bia ya ajabu!

Nikamwita Plasta. Tukachukua vibanio vya nguo kwenye kamba, tukavibana puani, tukafungua chupa moja ya klorini. Mjomba, usicheke, au cheka. Watu wazima wawili, macho yanatoka, pua zimegeuka nyekundu, tunakunywa na kutazamana. Na mara dawa ikapotea! Harufu yote kwaheri. Kikabaki kile ulichokionja wewe. Plasta akasema kwa ile sauti ya kibanio, "Dada, hii ni maji." Ni maji kweli! Uchungu unakuja, unakatika, unaondoka bila kuaga. Sisi tulikuwa tumelewa harufu ya mkate hata kabla ya kumeza. Harufu ilituziba macho. Wewe uliona, ukiwa huna pua, jambo ambalo watu wawili wenye matundu manne ya pua walilikosa.

Kwa hiyo huruma kamwombe mtu mwingine, mimi kwangu imekwisha. Nina shida ya mwonjaji. Kunusa naweza mwenyewe, na nikikosea Plasta yupo mlangoni. Lakini mwili wa bia, uchungu unavyokaa, gesi inavyopiga ulimi, utamu umebaki kiasi gani, hivyo siviwezi. Kila nikijaribu, pua inaniingilia. Siwezi kuishi na kibanio cha nguo.

Na ya kupika baadaye nimeichagua. Nyeusi nimeifuta, asali nimeifuta, ngano nimeifuta. Nilitoka mbio na aproni ya karakana mpaka sokoni, nikarudi na kilo mbili za tangawizi na ndimu za mfuko mzima. Bia ya tangawizi! Kimea cha kutosha safari hii, hopsi kidogo kwa uchungu, ndimu kwa ugwadu, gesi ya kuamsha watu, na moto wa tangawizi kooni. Bia ya kunywewa kwa ulimi na koo, na pua ikitaka ije, isipotaka ikae. Plasta alitaka kusaga tangawizi kwa mashine yetu ya kukata plasta. Nimemnyang'anya.

Kesho nawasha jiko.

Mpwa wako anayekupenda,
Fundi Meno


Ijumaa, tarehe 21 Machi

Mpwa wangu,

Nimecheka vibanio. Fundi viatu alikuja kuuliza kuna nini, nikamsomea, akavua miwani akafuta macho.

Lakini mimi si mtoto. Naona ulivyojipinda kunitafutia kazi. Umegeuza biashara nzima ili inifuate mimi, kama watu wanaopika chakula laini kwa ajili ya babu asiye na meno. Pika ile nyeusi uliyoitaka tangu mwanzo. Mimi nitafurahi kwa barua.

Mjomba wako


Jumapili, tarehe 6 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mababu wasio na meno wananijua mimi. Wengi wao. Huwa siwapikii chakula laini, nawatengenezea meno.

Chupa ni hiyo. Imeoshwa kwa maji yaliyochemka, ikasuuzwa mara tatu. Nimeshaionja na sisemi inafananaje. Nina maswali mawili yananisumbua na sijui kuyajibu: kama ina mwili, na kama uchungu unakaa. Nijibu hayo. Ukiona ni huruma, irudishe bila kuifungua.

Mpwa wako


Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Mpwa wangu!

Nimeionja!

Nilikaa nayo siku mbili mezani bila kuigusa. Leo saa tano asubuhi nikaifungua, nikasema nitachukua tone tu, kwa heshima. Nikameza kama mtu aliyezoea kutosikia kitu. Yesu wangu! Ilinikamata kooni, ikapanda mpaka masikioni, gesi ikanipiga ulimi, nikakohoa, machozi yakanitoka, fundi viatu akaingia na nyundo mkononi akidhani nimevamiwa. Nikamwambia kwa ishara asiniguse, nanywa. Nikanywa tena. Nikamkaribisha na yeye, akakohoa, tukawa wazee wawili tunakohoa na kucheka saa tano asubuhi.

Sasa sikiliza vizuri, maana sitakubembeleza. Tangawizi umezidisha, tena umezidisha vibaya. Ulidhani mjomba wako amekufa shingo nzima? Ni pua tu. Punguza theluthi. Ndimu umeiweka wakati wa kuchemsha, si kweli? Ugwadu wake umechoka, unakuja nyuma kama mtu aliyechelewa kazini. Iweke siku ya mwisho, ndoo ikiwa imeshapoa. Gesi ni nzuri, usiiguse.

Uchungu unakaa. Nilihesabu. Unakaa vizuri, chini ya ulimi kwa nyuma, na unaondoka kwa adabu. Hilo ni jibu la swali lako la pili. Na la kwanza: mwili bado mwembamba. Umeongeza kimea, lakini nadhani unakiloweka kwenye maji yasiyo na moto wa kutosha, ndiyo maana sukari yote inaliwa na hamira na hakuna kinachobaki kwa mnywaji. Kile kipimajoto unachoazima karakanani, cha kupimia nta ya meno, kinadanganya, nakuapia. Nitakipima mwenyewe.

Nimeandika kurasa mbili za namna hii, nyingine iko nyuma. Nilipomaliza nikaona mkono umechoka, na sikuwa nimeazima neno hata moja la mtu. Nimefurahi, mpwa wangu. Nimefurahi mpaka nimeona haya mbele ya fundi viatu.

Inawezekana kweli unanihurumia kidogo. Nimeamua kukuruhusu, mradi bia yako iendelee kuwa na makosa. Na kwa makosa niliyoyaonja leo, una kazi ya kunipa kwa miaka kumi.

Ile nyeusi naona tuipike, kwa sababu kimea kilichokaangwa kina uchungu wake mwingine ambao wewe na Plasta hamtaujua hata mkibanwa pua kwa koleo. Nyumba nimemwachia fundi viatu ufunguo. Nimefunga sanduku moja na redio. Basi linafika kwenu Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Usiwashe jiko kabla sijafika.

Mjomba wako